Hilux 5L ya 2001: miaka 8 ya kubeba viazi Njombe

Wakuu, nikipaki sokoni Makambako haiishi saa bila mtu kuinama kuchungulia uvungu wa gari yangu halafu aulize, "kaka, hizi 5L bado zipo hai?" Wengi wanaouliza ni vijana wana hela ya mavuno mkononi wanatafuta pikapu ya kazi, na najua wengine baada ya mwezi watakuwa wameshauziwa rangi. Yaani gari imepigwa rangi ikang'aa, chini imeoza. Inaniuma sana nikikutana nayo, maana hela ya viazi haipatikani kirahisi, kwaio acha niandike yote ninayoyajua kuhusu hii gari.

Yangu ni Toyota Hilux dabo kebini, fowili, manyuo, injini 5L (hilo ni jina la injini, sio lita tano). Ilianza kwenye mradi ikiwa na namba za DFP (za miradi ya wafadhili), ikauzwa ikapata namba B, ikapita kwa watu wawili, mimi nikaichukua 2017 mita ikisoma 268,000. Leo ipo 431,000. Kazi yake ni viazi mviringo kutoka shambani kuja Njombe mjini na Makambako, mara moja moja Iringa, na vijiji vya upande wa Makete ambako masika ni utelezi mtupu. Kwa miaka yote hiyo injini sijaifungua, hedi haijashuka hata mara moja.

Lakini naanza na chesisi, sio injini. Chesisi ndio gari wakuu. Injini ikifa unatafuta nyingine, giaboksi hivyo hivyo, kebini ikibonyea inanyooshwa, ila chesisi ikishakatika ikachomelewa vibaya hiyo gari itakula matairi upande mmoja, itavuta stelingi, milango haitafunga vizuri, na siku moja itapasuka tena pembeni ya pale pale ilipochomelewa. Ukienda kununua lala chini na tochi na nyundo ndogo. Gonga taratibu kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia vizuri kama ile rimu ya kengele ya shule ya msingi, chuma kilicholiwa na kutu kinatoa sauti nzito kama unagonga ubao. Kaa zaidi pale nyuma ya kebini bodi inapoanzia, kwa sababu dabo kebini bodi yake mzigo mwingi unaangukia nyuma ya ekseli, kwaio kila shimo unaloruka chesisi inakunjwa pale pale. Ukikuta uvungu wote umepakwa rangi nyeusi mbichi wakati gari ina miaka 20 na kitu, mwambie muuzaji akwangue kidogo, akikataa ondoka. Na uliza gari ilikuwa inabeba nini. Ikiwa ilibeba samaki wa pwani, maji ya barafu yenye chumvi yamekuwa yakichuruzika humo miaka, mimi siigusi hata kwa nusu bei.

Sasa mzigo. Hizi gari ni za tani moja hivi. Najua mtaani watu wanapakia mbili na wanaongeza vipande vya springi nyuma ili isikae chini, ikishaongezwa inaonekana imenyooka mtu anafurahi. Ukweli springi haijaongeza nguvu ya chesisi, imehamisha tu pa kuvunjika. Halafu kuna kitu wengi hawakijui, uvunguni karibu na difu ya nyuma kuna kifaa cha breki kina fimbo ndefu ya chuma imeunganishwa na ekseli, kazi yake ni kupima bodi imeshuka kiasi gani, ikishuka sana kinajua umebeba basi kinapeleka nguvu ya breki zaidi matairi ya nyuma. Ukiongeza springi bodi haishuki, kile kifaa kinadhani gari tupu, unateremka mlima na tani mbili breki ya nyuma inafanya kazi kama huna kitu. Fikiria mteremko wa mlima Kitonga. Niliponunua yangu ilikuwa na vipande viwili vya kuongeza kila upande, nilivitoa wiki ya kwanza, na tangu hapo nabeba gunia 10 za kilo mia, lumbesa sipakii hata mteja akinuna.

Injini yenyewe ni dizeli ya cc 2986, haina tabo, haina kompyuta, pampu ya dizeli ni ya kimekanika, fundi yeyote anayetengeneza mashine za kusaga anaielewa. Hapo ndio uzuri wake wote ulipo. Haina mbio, kupanda mlima na mzigo utakaa gia ya pili na magari madogo yatakupita, ila ukikwama kijijini hauhitaji mtu wa mashine ya kupima kutoka mjini. Mafuta inanipa kama kilomita 9 kwa lita ikiwa tupu, na mzigo milimani inashuka mpaka 7. Kabla ya kununua iwashe ikiwa ya baridi, mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, ukifika shika boneti kwanza. Ikishawaka na kutulia fungua kifuniko cha kuwekea oili. Ikipumua kama birika la chai ringi zimekwisha. Ikitoa kaupepo kidogo tu, usiogope.

Kwa baridi ya huku kwetu, mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi majani yana barafu, hita plagi, zile zinazopasha moto silinda ili injini iwake, ndio zinaamua kama utawahi sokoni au la. Zikifa mbili gari itaringa sana, itatoa moshi mweupe, utapiga stata mpaka betri iishe halafu utasema betri mbovu, utanunua betri, tatizo liko pale pale. Hita plagi zipo nne tu na fundi anazipima kwa dakika chache.

Kitu kinachoua hizi injini kuliko vyote ni maji. Sio mafuta, sio mzigo, ni maji. Mafundi wetu wengi wana tabia ya kutoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto, wanasema huku Afrika joto haihitajiki, na wanajaza maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalum ya rejeta. Njombe joto gani jamani? Injini isiyo na themostati inatembea ya baridi siku nzima, inakula mafuta, silinda zinaisha haraka, oili inachafuka. Na maji ya bomba yanaleta kutu ndani, kutu inaenda kuziba rejeta, rejeta ikiziba siku ya mlima mrefu inachemsha, hedi inapinda. Hizo habari za "hedi za Hilux mbovu" kwa sehemu kubwa zilitoka kwenye 2L-T, zile ndogo zenye tabo, kweli zile zilikuwa na jina la kupasua hedi. 5L ukiitunza maji haina hiyo shida. Yangu niliikuta haina themostati, nilirudisha, nikasafisha rejeta, nikaweka kulanti, na kila miaka miwili namwaga naweka mpya.

Hata hivyo 2019 nilikaribia kuiua. Asubuhi saa 12 natoka kijijini na gunia 10, baridi kali, nimewasha hewa ya moto kebini. Nimeenda kama nusu saa nikahisi miguu inapata ubaridi, ile hewa ya moto imekuwa ya baridi ghafla. Nikaangalia mshale wa joto, upo katikati kama kawaida. Ningekuwa ugenini ningeendelea, lakini fundi mmoja mzee aliwahi kuniambia hewa ya moto ikipoa wakati injini inafanya kazi jua maji hayafiki. Nikasimama nikazima hapo hapo. Kufungua boneti, hozi ya chini ya rejeta imechanika pembeni ya klipu, maji yote yamemwagika njiani. Mshale ulikuwa hausemi kitu kwa sababu ile sensa inapima maji, na maji yakishaisha imebaki kwenye hewa tupu. Hozi ilikuwa na umri wa gari, makosa ni yangu sikuibadilisha. Nilikaa saa nzima ipoe, nikakata ile ncha iliyochanika kwa kisu, nikaivuta nikaifunga tena kwenye shingo ya rejeta, nikachota maji mtoni na dumu, nikaenda mdogo mdogo mpaka Njombe. Hozi zote nikabadilisha wiki hiyo hiyo. Ukinunua gari ya umri huu badilisha hozi zote za maji hata kama zinaonekana nzima, ukizibinya zikiwa zinalia kwa ukavu au laini kama ndizi iliyoiva, zimeisha.

Dizeli nayo. Filta ya dizeli ya hii gari juu ina pampu ya kusukuma kwa kiganja, chini ina kakoki ka kumwagia maji. Kila Jumamosi nafungua kale kakoki, napokea kwenye chupa ya maji ya kunywa niliyoikata kichwa, naiacha itulie. Dizeli ya njano inakaa juu, kama kuna maji yanazama chini unayaona kabisa yamekaa kama kioo. Wiki nyingi hakuna kitu. Kuna mwaka masika nilijaza kwenye kituo kimoja nikakuta vidole viwili vya maji kwenye chupa, nikashusha tanki siku hiyo hiyo. Ningesubiri, pampu na nozeli zingekula hela ya msimu mzima.

Taimingi belti. Hii haina cheni, ina belti, na ikikatika valvu zinagonga pistoni, hapo umeaga. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, inawaka kukumbusha umri wa belti ukifika. Unapokagua gari geuza ufunguo bila kuwasha injini, taa zote lazima ziwake ikiwemo hiyo. Yangu haikuwaka, kufungua dashibodi balbu imechomolewa, yaani mtu alichoka kuona taa akaitoa badala ya kubadili belti! Nilibadili siku hiyo hiyo pamoja na beringi yake ya kukazia, na mimi sisubiri taa, kila kilomita 90,000 nabadili. Oili na filta ni kila 5,000, vumbi la huku haliruhusu zaidi.

Kuhusu spea, za 5L zipo kila mahali, Gerezani Dar hadi duka la mjini hapa, na hiyo ndio hatari yake vilevile, feki ni nyingi mno. Niliwahi kununua filta ya oili bei ya chini, baada ya kuitoa nikaikata na msumeno wa chuma nione ndani. Karatasi ilikuwa mikunjo michache imeachana na gundi upande mmoja, oili ilikuwa inapita pembeni haichujwi. Tangu siku hiyo kila filta mpya ya duka nisilolijua ya kwanza naikata baada ya kuitumia. Vingine vya kawaida nilivyobadili ndani ya miaka 8, klachi mara mbili, boljointi na bushi za mbele sihesabu tena, shokapu seti mbili, krosi za propela mara moja. Hizo krosi na propela zina vinyonyo vya grisi, mwambie fundi apige grisi kila anapomwaga oili, wengi wanaviruka kwa sababu lazima walale chini. Na zile hab za mbele za kuloki kwa mkono, zinazounganisha matairi ya mbele ukitaka fowili, ziloki utembee kidogo walau mara moja kwa mwezi hata kiangazi, usipofanya hivyo siku ya tope zitagoma.

Kuna wanaoniambia niachane nayo ninunue Vigo, ile Hilux ya toleo lililofuata. Vigo ni gari nzuri, ina nguvu, ina mbio, kebini tulivu, safari ya Dar unafika haujachoka. Lakini zile injini zake za dizeli za D-4D za miaka ile zina mambo yake na mnunuzi ayajue, chini ya nozeli kuna washa za shaba, zikichoka moshi wa silinda unavuja kuingia kwenye oili, oili inageuka lami, uchafu unaziba chujio la chini kwenye sampu (bakuli la oili), injini inakosa oili inajifia na wewe ulikuwa unabadili oili kama kawaida. Ukichukua Vigo badilisha hizo washa mapema na shusha sampu uangalie chujio. Na nozeli zake ni ghali, sio zile za kupeleka kwa fundi pampu akazifanyia sevisi urudishe. Kwa mwenye mzigo wa lami na hela ya akiba, achukue Vigo kwa moyo mweupe. Kwa mwenye shamba kijijini na hesabu za gunia kwa gunia, 5L.

Ubaya wa 5L nao upo. Kelele, simu haisikiki ukiwa kwenye mwendo. Siti ya nyuma mgongo umesimama wima, mtu mzima akikaa kutoka Njombe mpaka Iringa atalalamika. Taa za mbele hafifu, usiku wa ukungu naenda 40. Na bei zake hazishuki, nilinunua milioni 19 na juzi kuna mtu kanitajia zaidi ya hiyo, nimekataa.

Kwa sasa naona ufa mdogo wa rangi kwenye mkono wa springi ya kushoto nyuma, urefu wa njiti ya kiberiti. Inawezekana ni rangi tu. Jumapili nashusha bodi nikwangue mpaka chuma kionekane, na mpaka nijue ni nini mbegu za wiki ijayo nimezikodia Fuso.