Transamu iliyooza: kwa nini niliitengeneza boti yangu ya faiba badala ya kuiuza

Kwa wenye haraka: nilitengeneza, nimeridhika, na fundi yule nitamrudia. Lakini kama tungekuta mihimili ya chini ya sakafu nayo imeoza, ningeuza mashine na trela, ganda nikaachana nalo. Uamuzi wote uko hapo, kwenye mihimili, na huwezi kuufanya kwa kuangalia boti kwa nje.

Boti yenyewe ni ya futi 19, ina mashine ya nje ya Yamaha Enduro 40 (nguvu-farasi 40) ya stroki mbili, na inapeleka wageni kuona pomboo na matumbawe Watamu. Msimu wa kaskazi haina mapumziko. Masika ikiingia tunaipandisha. Transamu, kwa asiyeijua, ni ule ukuta wa nyuma, tezini, unaobeba mashine. Nje unaona faiba tupu, ila kwenye boti nyingi ndani yake mna plaiwudi, na hiyo ndiyo inayobeba uzito wote. Maji yakipata njia, faiba inabaki inang'aa huku ndani kumeshageuka uji.

Nahodha wangu ndiye aliyegundua. Akiongeza kasi kwa ghafla, mashine ilikuwa inainama kidogo kisha inarudi. Tukaizima, tukashika mguu wa mashine kule chini tukaupandisha na kuushusha kwa nguvu. Ukuta mzima ukacheza, na kwenye bolti ya chini upande wa kulia likachungulia tone la maji ya kahawia. Mashine ya zaidi ya kilo 70 ikiwa imening'inia pale, boti ikiruka wimbi, hilo si jambo la kusubiri msimu uishe. Tulisimamisha safari siku ileile.

Fundi wa kwanza alitaka kubana bati la aluminiamu ndani na nje, bolti ndefu, kazi ya siku moja. Bei yake ilikuwa ya kuvutia sana. Nilikataa, kwa sababu bati linakazwa dhidi ya mbao zilezile zilizolainika: zitaendelea kubonyea, nati zitalegea, na kila tundu jipya ni njia nyingine ya maji. Wapo pia wanaotoboa vitundu na kumimina resini nyembamba (ile gundi ya maji inayogandisha faiba) ndani wakisema itaigandisha mbao. Mbao iliyolowa hainywi resini. Unabaki na ganda gumu juu na uozo uleule chini yake.

Huyu ninayemsifu hapa ana karakana Kilifi. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakutaja bei kabla ya kupima. Alianza kugonga kwa mpini wa patasi, kutoka juu kwenda chini: penye uzima mlio ulikuwa mkavu, "ko, ko", ukishuka kuelekea tundu la kutolea maji unakuwa "bu, bu". Kisha akachukua drili yenye kijiti chembamba akatoboa kwa ndani, bila kufika faiba ya nje, na kila tundu akapokea vumbi lake kwenye karatasi nyeupe. La juu lilikuwa jeupe na kavu. La katikati kahawia, lina unyevu. La chini lilitoka tope jeusi lenye harufu ya kuchacha, likabaki limegandamana kwenye kijiti. Baadaye akahamia kwenye mihimili, pale inapokutana na transamu na tena mbele zaidi. Yote ilitoa vumbi kavu. Ndipo akaniambia, "Mwanangu, hii inatengenezeka," akataja bei, ambayo ilikuwa chini ya robo ya ile niliyoambiwa kwa ganda jipya la ukubwa huo.

Jambo moja alilonieleza wengi hawalijui: maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya bahari. Chumvi huwazuia kuvu wanaokula mbao, mvua haiwazuii. Kwa hiyo boti iliyokaa nchi kavu masika yote, kizibo cha tundu la kutolea maji kikiwa kimefungwa na maji yamesimama tezini, iko hatarini kuliko ile inayoelea. Yangu sasa inalazwa omo (mbele) juu, kizibo nje, turubai juu yake.

Kazi yenyewe niliifuatilia kwa karibu. Alikata faiba ya ndani tu, akaiacha ya nje nzima ili umbo la boti lisipotee. Mbao za chini zilitoka kwa kiganja. Za juu zilihitaji nyundo na patasi. Akapiga grainda mpaka faiba safi, akaacha pakauka vizuri, akaweka plaiwudi mbili za milimita 18 zilizoshikanishwa, zikabanwa kwa bolti kupitia matundu ya zamani mpaka resini nzito ikachuruzika pembeni. Kona zote alizijaza kwa mviringo, maana mati, yaani shuka la nyuzi za faiba, haikai kwenye kona kali, inaacha hewa. Tabaka za mati na za kitambaa cha kusokotwa zilipishana, kila moja ikienda mbali kuliko iliyotangulia, pembeni na chini.

Matundu ya bolti ndiyo yaliyonifurahisha zaidi. Alitoboa makubwa kuliko bolti, akayajaza epoksi nzito (gundi isiyopitisha maji), ikakauka, akatoboa tena katikati ya epoksi. Bolti haigusi mbao hata kidogo. Juu yake silanti ya bahari, ile ya kuziba maji, na bolti za chuma cha pua cha 316, kinachohimili chumvi. Fundi akikuambia silanti peke yake inatosha, dai hatua hii.

Yasiyonipendeza yapo. Paa la karakana linavuja, na faiba na mvua haviendani. Kazi ilisimama mara kwa mara tukingoja jua, na tarehe tuliyoahidiana ikapita mbali. Plaiwudi aliyotaka kutumia mwanzoni ilikuwa ya kawaida ya ujenzi. Nilisisitiza yenye muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti, nikaongeza pesa mwenyewe. Vijana wake nao walikuwa wanapiga grainda bila barakoa wala miwani, na wanamimina hadina, dawa ya kugandisha resini, kwa kukadiria kwa macho. Hadina ile ikiruka machoni inaweza kumpofusha mtu. Nililisema hilo pale pale, na nalisema tena hapa.

Rangi hakufanya vizuri, viraka vinaonekana. Sikujali.

Tumepita kaskazi nzima tangu hapo. Nahodha hupandisha na kushusha mguu wa mashine kila anapoegesha na ukuta haujacheza, nati ziko pale zilipokazwa. Anayefikiria kuhamia mashine ya stroki nne amwambie fundi kabla plaiwudi haijakatwa, kwa sababu za nguvu hiyohiyo ni nzito zaidi, na apime pia urefu wa mguu wa mashine: mfupi unataka transamu ya karibu sentimita 38, mrefu karibu 51. Kimo hicho ni rahisi kukibadilisha ukuta ukiwa wazi.