Uzoefu wangu na tiba ya mapema kwa mtoto aliyechelewa kusema

Mwanangu alifikisha mwaka na nusu hasemi neno, haonyeshi kitu kwa kidole, na ukimwita jina mara nyingi hageuki. Ndugu walinipa moyo kwa maneno ambayo kila mzazi wa mtoto wa aina hii ameyasikia: atasema tu, wavulana ndivyo walivyo. Sikukubali kungoja. Katika umri huo mtoto anatarajiwa kujaribu angalau maneno 3 mbali na "mama" na "baba", na wangu hakuwa na hata moja.

Nilimpeleka kwenye huduma ya tiba ya mapema, na kilichonifanya niiamini tangu mwanzo ni kwamba hawakukimbilia mazoezi. Walitaka kwanza apimwe masikio, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, asilie wala asipate homa, na bado maneno yakamfikia yamefifia. Masikio yalikuwa mazima. Hapo ndipo mtaalamu wa usemi na lugha alipokaa naye, pamoja na mwenzake wa tiba kazi, yaani tiba ya kumsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, ambaye aliangalia anavyotumia mikono, anavyokula na anavyovumilia kelele na kuguswa. Hawakusubiri tatizo lipewe jina ndipo waanze. Mtoto mdogo ubongo wake unajijenga kwa kasi, na miezi ya kusubiri karatasi ni miezi iliyopotea.

Nilidhani nitamkabidhi mtoto mlangoni na kumfuata baadaye. Sivyo kabisa. Mtaalamu aliketi sakafuni, akatia kigari anachokipenda ndani ya kopo linaloonyesha ndani, akakaza kifuniko, akampa. Kisha akanyamaza. Mwanangu alilitikisa kopo, akaling'ata, akaanza kulalama. Mkono wangu ulishakwenda kumfungulia, nikaambiwa kwa upole, "Mama, msubiri kidogo." Kimya kile kilikuwa kirefu kweli. Mwishowe mtoto akalisukuma kopo kwenye goti la mtaalamu na kumtazama usoni. "Fungua!" akasema yule dada, akalifungua papo hapo. Kumletea mtu kitu na kumtazama machoni ni mawasiliano tayari, na maneno huota juu ya hayo.

Kuanzia siku hiyo kazi ilihamia nyumbani. Hatukuambiwa tutenge saa ya mazoezi, bali tuyatie katika kuoga, kuvaa na kula. Unampa maji kidogo tu kikombeni ili aombe tena. Unavisha mguu mmoja soksi, unangoja. Unasema kifupi: akisema "maji", wewe unaongeza neno moja, "maji baridi". Tulifundishwa pia ishara za mikono, na hapo mama mkwe wangu aliingiwa na hofu kwamba mtoto ataridhika na mikono aache kusema. Mtaalamu alimweleza kwamba ishara hazizuii usemi, kwa wengi huusaidia. Alitutoa hofu nyingine pia: kumlea mtoto kwa lugha mbili hakumcheleweshi, kwa hiyo tuzungumze naye lugha tunayoimudu vizuri zaidi.

Sasa yaliyoniudhi. Foleni ya kuanza ilikuwa ndefu mno, na hakuna aliyenipa la kufanya wakati nasubiri, ilhali mambo ya kikombe na soksi yangeweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Katikati ya safari walitubadilishia mtaalamu bila taarifa, na mtoto ambaye mabadiliko madogo humvuruga alimkataa yule mpya kwa wiki kadhaa. Ripoti nazo zimejaa istilahi. Ilinibidi niombe nisomewe kwa lugha ya kawaida, na walipofanya hivyo ndipo nilipoelewa lengo linalofuata.

Maendeleo yamekuja kwa kurukaruka. Kidole kilitangulia, kisha "pa" ya kupanda, kisha kipindi kirefu ambacho hakuna jipya, kisha maneno matatu ndani ya muda mfupi. Bado yuko nyuma ya wenzake, na hakuna aliyeniahidi kwamba atawafikia. Lakini vilio vya kutoeleweka vimepungua sana, na hilo peke yake limebadilisha nyumba yetu. Naipendekeza huduma hii kwa moyo wote.

Kabla hujajiandikisha popote, uliza kama utaruhusiwa kukaa ndani wakati wa tiba. Wakikataa bila sababu ya maana, tafuta kwingine, maana saa moja ya mtaalamu kwa wiki haitoshi kama wewe hujui alichokifanya. Na kama mtoto wako alikuwa na maneno kisha yakapotea, litaje hilo mwanzo kabisa unapoomba nafasi, na umwone daktari mara moja bila kungoja zamu ya foleni.