Karakana ya ndege ya familia: kupanua Kigoma au kuhamia Mwanza?

Mabawa ya ndege ya Cessna Caravan yana karibu mita 16 kutoka ncha hadi ncha. Ya Cessna 206 ni mita 11. Karakana iliyojengwa kwa ajili ya ndege ndogo itaingiza pua ya Caravan tu, na kuanzia Novemba hadi Aprili fundi atafungua injini huku akinyeshewa. Familia yenye karakana kama hiyo Kigoma ikifika hapo, lazima iamue.

Kwa vipuri, Mwanza inashinda waziwazi. Ndege za Dar es Salaam ni nyingi, kifaa kinafika upesi. Kwa Kigoma, kifaa kikikosa nafasi kwenye ndege kinakuja kwa reli, zaidi ya kilomita 1,200, na ndege iliyosimama haiingizi hata shilingi.

Kwa wateja, sikubali haraka kwamba Mwanza ni bora. Ndege ikiharibika kwenye uwanja wa hifadhi ya Mahale, wa kwanza kupigiwa simu ni fundi wa Kigoma. Anajulikana, na baba yake alijulikana kabla yake. Uaminifu huo haupakiwi kwenye lori. Mwanza kuna safari za Serengeti, lakini unaanza ukiwa mgeni.

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kinahusu pia jengo, hivyo njia zote mbili zina ukaguzi.

Kama ndege unazohudumia zinalala Kigoma, ongeza paa. Kama nyingi zinalala Mwanza na mafundi vijana wako tayari kuhama, hamia, ila acha fundi mmoja na sanduku la vifaa Kigoma.