Seti ya kisu cha gurudumu, rula na mkeka: nilivyoshonea blanketi la kanda za kitenge

Naipa nyota nne. Tatu ni za kisu, moja ya rula. Mkeka na karatasi ya maelekezo havijapata kitu.

Nilinunua seti hii kwenye duka moja la vifaa vya ushonaji Kariakoo. Ndani kuna kisu cha gurudumu (wembe wa duara unaobingirika) cha milimita 45, rula ya plastiki inayopitisha mwanga ya inchi 6 kwa 24, mkeka wa kukatia, na karatasi yenye picha ya kwilti (blanketi la vipande vya kitambaa vilivyoungwa) nzuri mno. Kanda nne zimeunganishwa kuwa mraba, mraba mmoja umesimamishwa, unaofuata umelazwa, na ukitazama kwa mbali unaona ngazi zinapanda kona hadi kona. Wamarekani wanaijua kama Rail Fence. Chini ya picha hakuna kipimo hata kimoja! Hesabu ameachiwa mnunuzi.

Basi nikapiga hesabu mwenyewe. Kwenye mtindo huu hukati vipande vidogo ukaanza kuviunga kimoja kimoja. Unashona kanda ndefu kwanza, zikishakuwa kitambaa kimoja ndipo unakata miraba. Ukanda wa inchi 2 na nusu, mshono ukimeza robo inchi kila upande, unabaki na 2 kamili. Kanda nne ni inchi 8, ongeza robo mbili za pembeni ambazo bado hazijashonwa, unapata 8 na nusu. Kwa hiyo unakata kila baada ya inchi 8 na nusu. Kitenge changu, nikishaondoa ukingo wenye maandishi, kina upana wa inchi 44, hivyo kila kanda nne zilizoungwa zilinipa miraba mitano. Blanketi la mtoto la inchi 40 kwa 48 linataka miraba 30. Maana yake kanda sita za kila kitenge, ambazo ni inchi 15 tu za urefu. Nusu yadi ya kila rangi inatosha, na kipande cha kunyooshea ukingo kinabaki.

Kisu ndicho kilichonifurahisha. Visu vya namna hii vilianzia Japani mwaka 1979 kwa kampuni ya OLFA (changu si chao, ni cha kuiga), na sasa naelewa kwa nini washonaji wa kwilti waliweka mkasi pembeni. Unakunja kitenge mara mbili, unakandamiza rula, unasukuma kisu kuelekea mbele, tabaka nne zinakatika kama siagi. Kanda zote zinatoka sawa. Ila fua kitenge kwanza na ukipige pasi. Kikiwa kipya kina dawa, kinakakamaa na kuteleza chini ya rula. Na ukimaliza kukata funga kisu papo hapo, hasa kama nyumbani kuna watoto.

Robo inchi ndiyo yenye kazi. Mguu wa kawaida wa cherehani hauipati, kwa hiyo nilipima kwa rula kutoka kwenye sindano, nikabandika plasta juu ya bamba nipate ukuta wa kufuata. Jaribu kwa kuunga kanda tatu, kisha pima ile ya katikati: isipokuwa inchi 2 kamili, sogeza plasta. Mshono ukizidi robo ya robo inchi tu, kanda nne zitapungua karibu nusu inchi. Ukanda unaofuata uanze kuushona kutoka upande ulikomalizia, la sivyo kitambaa kinapinda upinde. Mishono yote ilaze kwa pasi upande wa rangi nzito.

Sasa lawama. Rula ina upana wa inchi 6 na mraba ni 8 na nusu, kwa hiyo ilinibidi nikate kipimo cha boksi na kukatia hicho. Ningepata nafuu kwenye mistari ya mkeka, lakini imechorwa kwa sentimita pande zote mbili! Rula ya inchi, mkeka wa sentimita, ndani ya seti moja. Halafu mkeka wenyewe ulikaa karibu na dirisha lenye jua, ukajikunja pembe na haujanyooka tena.

Kwa mwenye kushona sare na magauni tu, mkasi unatosha. Mwenye gunia la vibaki vya vitenge anunue kisu, achukue na gurudumu la akiba la milimita 45, kisha atafute rula pana zaidi, kama muuzaji atakubali kuivunja seti. Wangu alikataa katakata.