Mgahawa wa Ujiji, ugali wa muhogo na mgebuka, usafi nimeukubali

Jamani kama upo Kigoma mjini na unatafuta pa kula mchana bila kuwaza tumbo, panda daladala ushuke Ujiji, kuna mgahawa mdogo wa kinamama jirani na msikiti, hauna hata kibao ila ukiulizia ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese watakuelekeza tu. Sahani elfu nne, samaki anatoka jikoni wa moto na pilipili pembeni. Chakula kitamu, ila kilichonifanya niandike ni usafi.

Kwanza kunawa. Sehemu nyingi mnaletewa karai moja mnachovya wote humohumo, wa mwisho ananawa uchafu wa wenzie. Hapa kuna ndoo ya koki, sabuni ipo, maji machafu yanaenda kwenye beseni lake. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w) alisema mtu akiamka asiingize mkono kwenye chombo mpaka auoshe (kwa Muslim imetajwa mara tatu) maana hajui umelala wapi, sasa we umetoka sokoni umeshika noti na mikono ya watu, unajua wako umeshinda wapi? Na ile ya "mi nishatia udhu" siikubali, udhu ni tohara ya swala, mkono wa kula unataka na sabuni.

Halafu kufunika, hapa ndo wamenimaliza kabisa. Kachumbari ina kawa juu, ndoo ya maji ya kunywa ina mfuniko, hakuna nzi anayetua kwenye kitu. Kwenye Sahihi Muslim tumeambiwa tufunike vyombo na kufunga viriba, kwamba kuna usiku ndani ya mwaka maradhi hushuka na hayapiti chombo kilicho wazi ila yanaingia, na hayo yalisemwa miaka kama 1,400 nyuma, hakuna hadubini wala maabara! Sisi watu wa Kigoma hili hatuhitaji kuhadithiwa, mwaka 2015 ndugu zetu wakimbizi wa Burundi walivyojazana pale Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya Ziwa Tanganyika, wakisubiri meli ya MV Liemba iwalete mjini, kipindupindu kiliwaingia maelfu wakaugua na wengine wakafa, watu wengi mno, vyoo hakuna, na maji ni hayohayo ya ziwa. Ndo maana mi nikisikia hadithi ya Abu Daud inayokataza kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini, naona ingebandikwa kila mwalo wa ziwa hili.

Choo kisafi, kopo lipo na maji yapo, sabuni ya kunawia nje ya mlango.

Kinachonikera ni bilauri za maji ya kunywa, ziko mbili tatu tu watu wanapokezana, huyu akishusha mwingine anachota bila hata kusuuza. Mtume kakataza hata kupumulia ndani ya chombo, sasa kikombe kimoja kikizunguka midomo ya meza nzima inakuwaje? Kinamama wangu nawaomba sana, ongezeni bilauri na muwe mnaziosha kila mtu akimaliza, hela ya kuongeza bilauri sio kubwa kwa wateja mnaopata.

Nyota nne kati ya tano. Ijumaa wahini kabla ya adhana, watu wakishatoka msikitini mgebuka unaisha fasta mnabaki na dagaa.