Kutoka 3.08 hadi 3.73: uzoefu wangu na difu ya Mustang 5.0

Gari langu ni Ford Mustang LX 5.0 (injini ya lita 5) ya mwaka 1990, ya gia za mkono, na ilikuja na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ya 3.08. Injini ina nguvu za farasi 225, lakini ikiondoka kwenye taa ilikuwa nzito kama imebeba magunia. Gia ya tano ndiyo iliyonikera zaidi. Kwenye maili 70 kwa saa injini ilikuwa inazunguka kama mara 1,900 tu kwa dakika, na nikikanyaga mafuta haijibu mpaka nirudi ya nne.

Kwa ambaye hajawahi kugusa mambo haya: 3.08 maana yake propela shafti, ile inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu, inazunguka mara tatu na kidogo ndipo tairi lizunguke mara moja. Namba ikipanda, gari linachanganya haraka, ila injini nayo inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Wenzangu wengi hapa Austin, Texas, walinihimiza niende moja kwa moja kwenye 4.10. Nusura niinunue.

Kilichonizuia ni kalamu na karatasi. Gia ya kwanza ya giaboksi yangu, ya gia tano iitwayo T5, ni 3.35. Zidisha kwa 4.10, unapata 13.7, yaani injini inazunguka mara 13.7 tairi likizunguka mara moja, na namba ikiwa kubwa ndivyo msukumo unavyozidi. Tairi zangu za upana wa milimita 225 hazishiki lami kwa nguvu hiyo. Zinasota, na unaingiza ya pili hata hujavuka makutano. Kwa 3.73 unapata 12.5. Kisha nikahesabu ya tano, 0.68, kwa sababu kila siku naenda kazini kwa barabara kuu: maili 70 kwa 3.73 ni kama mizunguko 2,320, na kwa 4.10 inapita 2,500. Mwenye T5 ya aina nyingine, yenye ya kwanza 2.95 na ya tano 0.63, hesabu yake ni tofauti kabisa. Kwake 4.10 inaangukia karibu palepale 3.73 inapoangukia kwangu. Kwa hiyo mtu akikushauri "weka 4.10" bila kukuuliza giaboksi yako na saizi ya tairi, usimsikilize.

Krauni na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo za ndani ya difu, nilinunua za Ford Performance, meno 41 kwa 11. Vyuma vyenyewe safi kabisa. Tatizo lilikuwa ufungaji. Karakana ya kwanza ilinirudishia gari siku hiyohiyo, na nikifika maili 45 difu inalia. Nikiachia mafuta, mlio unabadilika. Iliniuma sana, maana ufundi nilikuwa nimeulipia zaidi ya bei ya gia.

Fundi wa pili alifungua kifuniko, akapaka meno rangi ya njano, akazungusha krauni kwa mkono, kisha akaniita nitazame. Alama ya mguso ilikuwa juu kwenye ncha za meno. Pinioni ilikuwa imekaa mbali mno na krauni. Akaitoa, akaweka shimu (kipande cha chuma cha kurekebisha nafasi) nene zaidi, akapima nafasi kati ya meno mpaka ikasoma inchi 0.010, akapaka tena. Safari hii alama ilikaa katikati ya jino, kama dole gumba kwenye fomu. Tangu siku hiyo difu iko kimya.

Niliendesha taratibu maili 500 za mwanzo, na safari ya kwanza ilikuwa ya dakika 20 tu, nikaiacha ipoe. Oili nayo isiwekwe bila kile kiongezeo cha Traction-Lok, difu ya Ford inayozuia tairi moja kusota peke yake, la sivyo difu inagugumia kwenye kona. Spidomita itakudanganya pia: nikienda maili 60 yangu ilisoma kama 73, mpaka nilipobadilisha kigia cha plastiki kinachozungusha waya wake, nikaweka cha meno 21.

Mafuta yameongezeka kidogo kwenye safari ndefu, sikatai. Lakini ile barabara ya kupanda vilima magharibi mwa mji, ambako zamani nilirudi ya nne kila jioni, sasa naipanda na ya tano.