Simu za oda, video za wageni na ruta yenye OpenWrt

Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Langoni, Lamu. Oda nyingi huja kwa simu ya intaneti, na kila jioni wageni wakirudi kutoka Shela na kuanza kupakia video zao, sauti yangu ilikuwa ikifika Nairobi vipande vipande. "Haloo? Haloo, mama, wanisikia?" Mara mteja kakata, na oda imeenda kwa jirani.

Ruta ya zamani ilikuwa na kitufe cha kutanguliza simu. Nilikiacha kimewashwa mwaka mzima, hola. Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyenieleza: foleni ya data haikuwa ndani ya ruta, ilikuwa mbele yake, kwenye kifaa cha wenye laini. "Sasa shangazi, ruta itamtanguliza nani, na kwake hakuna anayesubiri?"

Tukanunua ruta ndogo inayokubali OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta), tukaweka SQM, nyongeza yake ya kusimamia foleni, tukachagua CAKE, mbinu ya kupanga nani apite lini. Kazi kubwa ni namba mbili tu, kasi ya kupakua na ya kupakia. Laini yangu hupakia megabiti 5 (nilipima mchana, magharibi na saa nne usiku), tukaandika kilobiti 4,500. Kujipunguzia kitu nilicholipia kuliniuma, sifichi. Lakini ruta ikituma polepole kuliko laini, hapo ndipo foleni inaporudi kwangu, ndani ya ruta, na CAKE inagawa zamu. Simu yenyewe haili kitu: kwa kodeki ya G.711 (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ni kama kilobiti 90 kila upande, pakiti ndogo 50 kwa sekunde. Kinachoiua ni kukaa nyuma ya video ya mtu. Simu yangu ya mezani hujitia alama ya EF, yaani "nina haraka, nipishe", kwa hiyo tulichukua layer_cake, mpangilio wa CAKE ambao huisoma alama hiyo na kuipa sauti njia yake.

Zamani video ikipakiwa, pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, ilipanda kutoka milisekunde 45 hadi 800 na zaidi. Sasa haivuki 60. Juzi nilikuwa simuni na mteja dakika ishirini, nikakata ndipo mgeni wa juu akashuka kuniomba radhi kwamba ameujaza mtandao. Hata sikujua.

Kasoro ipo: siku laini yenyewe ikishuka chini ya 4,500, foleni inarudi kulekule na sauti inakatika tena, mpaka niingie nipunguze namba kwa mkono. Na kuta zetu nene za matumbawe, Wi-Fi haiziwezi. Chumba cha nyuma nimevuta waya.